Kipande cha Babu, Kipande cha Mpwa Wangu

Alikuwa wa tatu kwenye foleni. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, tarehe 8 Agosti 2017, na mimi nimesimama mlangoni pa darasa lililogeuzwa kituo cha kupigia kura, huku kwetu Kwale. Bi mkubwa huyo alikuwa amevaa leso mbili, moja kichwani na moja kiunoni, na kitambulisho chake amekifunga kwenye pindo la leso, kama watu wa rika lake wafungavyo hela.

"Shikamoo mama," karani akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nipe hizo karatasi nipige nirudi, nimeacha muhogo mekoni."

Karani akalishika gumba lake la kulia, akaliweka juu ya kifaa. Kimya. Akalifuta kwa kitambaa, akaliweka tena. Kimya. Wakaenda kidole baada ya kidole, mkono wa kulia kisha wa kushoto, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Vyote kumi vikakataa. Bi mkubwa alikuwa amekula chumvi nyingi, na karibu miaka yake yote alishona makuti ya kuezekea. Upapi na kamba vilikuwa vimeila ngozi ya vidole hadi ikawa laini kama jiwe la ufuoni. Mistari iliyokuwa ikitafutwa na kifaa haikuwepo tena.

Foleni ikaanza kunung'unika. Yeye akanigeukia mimi, maana nilimfundisha mjukuu wake darasa la nne, akaniuliza polepole, "Mwalimu, kwa hivyo mimi si mimi?"

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 36, na katika muda huo nimefanya kazi ya uchaguzi mara nne. Nilikuwa karani mwaka 1997 na 2002, naibu wa msimamizi mwaka 2013, na msimamizi wa kituo mwaka 2017. Nimeona mengi: kura zilizoharibika, mawakala waliolala, mgombea aliyekosa hata kura yake mwenyewe. Lakini swali la bi mkubwa yule ndilo lililobaki nami. Watu wanapozungumzia kura iliyoibwa, macho yao huwa kwenye kuhesabu na kutangaza. Mimi nimejifunza kutazama mapema zaidi, kwenye ile meza ya kwanza ambapo mtu anaambiwa atoe karatasi.

Milango mitatu

Kwa Mkenya, kura ina milango mitatu, na ukikwama mmoja, miwili iliyobaki haikusaidii.

Wa kwanza ni kitambulisho cha taifa. Ukifika miaka 18 unakiomba kwa msajili, ukiwa na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, na kwa wengi wetu pia barua au neno la chifu. Unapewa kile kikaratasi cha kusubiri, kisha unangoja kadi yenyewe. Kikaratasi hicho hakikuandikishi kuwa mpigakura, wala hakikupi kura siku ya uchaguzi. Kadi au pasipoti, basi.

Wa pili ni sajili ya wapigakura inayotunzwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Unakwenda na kadi, unachukuliwa picha na alama za vidole, unachagua kituo kimoja tu.

Wa tatu ni kituo chenyewe. Hapo unatakiwa kwenda na hati ileile uliyojiandikishia. Kifaa kinachoitwa KIEMS kinasoma kidole chako, jina na picha vinatokea, unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Ukimaliza unapakwa wino kidoleni.

Kidole kikikataa, sheria haisemi urudi nyumbani. Karani anaingiza namba ya kitambulisho, picha yako inatokea, mawakala wanaiona, fomu namba 32A inajazwa, na unapiga kura. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia bi mkubwa wetu. Picha yake ilipotokea kwenye kioo alicheka, akasema siku ile aliyopigwa alikuwa na njaa. Jambo zima lilichukua kama dakika kumi. Lakini dakika kumi hizo zilitegemea karani aliyejua utaratibu na aliyekuwa na subira. Karani mwingine, kituo kingine, jua kali na foleni ya watu mia tano, bi mkubwa angeambiwa "kaa pembeni kidogo," na muhogo wake ungemrudisha nyumbani.

Katiba ya mwaka 2010 imeliona hili. Watu wengi wanakijua kifungu cha 38, kinachompa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura bila vikwazo visivyo na sababu. Mimi hupenda kukitaja kifungu cha 83, ibara ndogo ya tatu, ambacho hakina mashabiki wengi. Kinasema mipango ya kuandikisha na kuendesha uchaguzi iundwe ili kumwezesha raia anayestahili, na isimnyime haki yake ya kupiga kura au ya kugombea. Ukikisoma vizuri, kinampa kazi mwenye meza. Anayesimama mbele ya meza amekwisha kufanya yake kwa kufika.

Mkebe shingoni

Vijana wa Kenya bado wanakiita kitambulisho "kipande". Kijana anakwambia "nimepata kipande" huku anatabasamu, na mimi namkumbuka babu mzaa mama, ambaye neno hilo lilimfanya ateme mate.

Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande chenye jina, kabila, alama za vidole na kumbukumbu za kazi yake: nani alimwajiri, lini, kwa mshahara gani, na lini alimwachilia. Kilitiwa ndani ya kijimkebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Babu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alituambia mkebe ulikuwa ukigonga kifua wakati wa kukata, na usiku ulikuwa na harufu ya jasho. Bwana shamba asipotia saini ya kukuachilia, huwezi kuajiriwa kwingine; ukiondoka, wewe ni mtoro na unasakwa. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyompa Harry Thuku wafuasi mjini Nairobi, na alipokamatwa mwezi Machi 1922, umati uliokwenda kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi.

Kwa hivyo hati ya kumtambua mtu ilianza kwetu kama kamba ya mbuzi. Ilimtambua babu ili asitoroke. Haikumpa chochote cha kuomba wala cha kuchagua.

Kura ilipokuja, nayo ilikuja na karatasi zake. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Kwetu Pwani alishinda Ronald Ngala. Lakini si kila mtu aliruhusiwa. Ulitakiwa uwe na kiwango fulani cha elimu, au kipato, au mali, au utumishi wa miaka mingi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru, kwa kuwa vita vya Mau Mau vilikuwa bado havijasahaulika, walitakiwa kwanza wawe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Fikiria hilo: serikali inakukagua kama unaipenda, ndipo ikuruhusu kuikosoa kwa kura.

Mwaka 1963 tulipata uhuru, na kura ikawa moja kwa kila mtu mzima. Hata hivyo hati ya utambulisho ilibaki jambo la wanaume hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, sheria iliporekebishwa ili wanawake nao waandikishwe. Mimi nilichukua changu mwaka 1980. Mama yangu alichukua chake mwaka huohuo, akiwa mwanamke wa makamo mwenye watoto saba, na karani alipomwuliza tarehe ya kuzaliwa alijibu, "Mwaka wa nzige." Wakaandika walichoona kinafaa.

Haikuchukua muda karatasi nyingine ikaingia. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama cha KANU, watu walipiga kura kwa mlolongo, wamejipanga nyuma ya mgombea au picha yake mchana kweupe, na wa kupanga foleni ni mwenye kadi ya chama. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa ameshinda moja kwa moja. Niliwaona walimu wenzangu wakiangalia kwanza mwalimu mkuu kasimama foleni ipi. Kisha mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, vijana wengi waliokuwa wametimiza miaka 18 hawakupiga kura kwa sababu vitambulisho havikutolewa kwa wakati. Makadirio ya siku zile yalifika vijana milioni moja. Hakuna aliyewapiga rungu. Kadi zao tu hazikufika.

Marehemu waliopiga kura

Sasa msidhani nasema vitambulisho vifutwe. Mwaka 1997, nikiwa karani, alikuja kijana na karatasi za ami yake. Tulikuwa tukitumia kadi ya mpigakura pamoja na kitambulisho, na vyote alikuwa navyo, vimetimia. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nimpe karatasi za kura pale wakala mmoja alipoinuka akasema, "Huyo mzee tulimzika Rajabu. Mimi mwenyewe nilishika jeneza." Darasa zima likacheka, kijana akatoka mbio. Lakini mimi sikucheka. Nilijiuliza, kituo ambacho wakala hakuwa jirani ya marehemu, ni wangapi waliopita?

Jibu lilikuja baada ya maafa ya ghasia za uchaguzi. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa Desemba 2007, ilikadiria kwamba sajili yetu ilikuwa na marehemu wapatao milioni 1.2. Sajili ya namna hiyo ni ghala lisilo na mlango. Ndiyo maana sajili mpya ikaandaliwa, na mwishoni mwa mwaka 2012 Wakenya milioni 14 na zaidi wakaandikishwa kwa picha na alama za vidole.

Teknolojia nayo ikaja na vituko vyake. Tarehe 4 Machi 2013, kompyuta za kuwatambua wapigakura zilizimika sehemu nyingi za nchi. Betri ziliisha kwenye madarasa yasiyo na umeme, na makarani wakarudi kwenye sajili ya karatasi. Mwaka 2022 vifaa vilikataa tena katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni, ikabidi sajili ya karatasi iruhusiwe huko. Nasema haya ili tuelewane: kumtambua mpigakura ni lazima, kwa sababu kura ya mwizi inaifuta ya kwako. Ila chombo chochote cha kutambua, kiwe cha chuma au cha umeme, kiwe na njia ya pili kwa mtu halali ambaye chombo kimemkataa.

Kupigwa msasa

Mwisho wa mwaka 2021 binti wa dadangu alikuwa na miaka 19 na hamu ya kupiga kura kuliko mtu yeyote nimjuaye. Alijua majina ya wagombea wa wadi yote. Alichokosa ni kadi.

Alienda kuomba mara ya kwanza, akaambiwa arudi siku ya kamati. Huku mpakani na kwa jamii kadhaa nchini, kama Wanubi wa Kibra, Wasomali wa kaskazini-mashariki na sisi wengi wa Pwani, kijana hakuwa anaomba kadi tu. Alikuwa anapigwa msasa. Anakaa mbele ya kamati ya maafisa na wazee, anaulizwa ukoo. Sheria humruhusu msajili kudai ushahidi zaidi anapotilia shaka uraia wa mtu. Tatizo ni kwamba kwa jina fulani, kijiji fulani au lafudhi fulani, shaka ilikuwa ikimtangulia mtu mlangoni.

Siku ya kamati, mpwa wangu aliulizwa kitambulisho cha bibi yake mzaa baba. Bibi alifariki mwaka 1974, kabla wanawake hawajaanza kupewa. Akaulizwa kwa nini ana shangazi Tanga. Sisi Wadigo mpaka umetupitia katikati kama kisu kwenye nazi. Upande huu Vanga, upande ule Jasini na Tanga, na harusi zetu hazikuomba ruhusa ya ramani. Akaambiwa alete cheti cha shamba cha babu. Nauli ya kwenda na kurudi, mara tatu, kwa msichana anayeuza mahamri. Mwenzake wa darasa, mwenye jina la bara, alikuwa ameshapata kadi kwa cheti cha kuzaliwa peke yake.

Kadi ya mpwa wangu ilifika Juni 2022. Uandikishaji wa wapigakura ulikuwa umeshafungwa. Tarehe 9 Agosti, Wakenya waliokuwa kwenye sajili walifika milioni 22.1. Yeye alinisindikiza kituoni, akanishikia mkoba nje ya lango.

Mwaka uliotangulia, tume ilipoanza kampeni ya kuandikisha wapigakura wapya, ilikuwa inalenga milioni sita kwa mwezi mmoja. Waliopatikana ni takribani milioni 1.5. Magazeti yakaandika kwamba vijana wamechoka na siasa. Wengine wamechoka kweli. Lakini ningependa kila anayeandika hivyo aketi kwanza siku moja kwenye benchi lile, ahesabu waliochoka na siasa na waliochoka na nauli.

Waliotembea kwa miguu

Kama mpwa wangu alichelewa miezi, wapo waliochelewa vizazi. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kuzikana Kwale, na kwa miongo mingi hawakuwa raia wa mahali popote. Bila kadi huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hivyo huna M-Pesa. Huwezi kufungua akaunti, kupata ajira yenye maandishi, wala kuingia ofisi yenye askari mlangoni. Kura ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye orodha ya walivyonyimwa, ingawa ndiyo ambayo ingewaletea vingine.

Mwezi Oktoba 2016 mamia yao walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea Ikulu na kuamuru wapewe vitambulisho. Mwanzoni mwa mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya, na kadi zikaanza kutolewa.

Ndiyo maana asubuhi ileile ya bi mkubwa wa makuti, saa nne hivi, kituoni kwangu alifika mzee wa Kimakonde, mchongaji wa mpingo. Karani alinyoosha mkono kupokea kitambulisho chake. Mzee hakukitoa. Alikishika kwa vidole viwili, akakiinamisha mbele ya macho ya karani, akasema, "Soma, mwanangu. Namba hiyo hapo." Karani akanitazama. Nikamwambia asome tu. Namba ikaandikwa, kidole kikasoma mara ya kwanza, na kadi ikarudi mfukoni mwa shati bila kuguswa na mkono wa mtu mwingine.

Wapemba nao, wavuvi ambao wazee wao walivuka kutoka kisiwa cha Pemba na kutua kwenye ufuo wetu kutoka Vanga hadi Lamu, walisubiri hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kule Kilifi kwamba ni raia. Na mwezi Februari 2025, akiwa Wajir, alitia saini tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Mabishano yakawaka. Wapo waliosema mlango umefunguliwa kwa wageni, na kwamba ni hesabu za kura za 2027. Hofu hiyo siidharau. Kadi ikipewa asiyestahili ni hasara kwangu pia. Ila dawa yake ni kukagua hati za kila mtu kwa kipimo kimoja, awe wa Nyeri au wa Vanga. Kuuliza jina la bibi upande mmoja wa nchi na kutouliza upande wa pili hakumzuii mgeni mwenye hela. Kunamzuia muuza mahamri.

Kwingine wanavyofanya

Shangazi yetu wa Tanga hushangaa nikimsimulia haya. Tanzania Bara, tume yenyewe ya uchaguzi ndiyo inayomwandikisha mtu na kumpa kadi ya mpigakura papo hapo. Mwenye kudai karatasi ndiye anayeitoa. Lakini ng'ambo ya maji, Zanzibar, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ndicho ufunguo wa kujiandikisha, na njia ya kukipata hupita kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Vyama vya upinzani vimelalamika kwa miaka kwamba masheha huwakwamisha watu wao. Hadithi ileile ya chifu na kamati, kwa jina lingine.

Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayomtaka mpigakura aonyeshe hati yenye picha, ikaanza kutumika kwenye chaguzi za mitaa za Mei 2023. Wapigakura wasiopungua 14,000 walirudishwa siku ile na hawakurejea. Kadi ya basi ya mzee ilikubaliwa. Kadi ya treni ya kijana ikakataliwa. Na Mei 2024 Boris Johnson, ambaye serikali yake ndiyo iliyoileta sheria hiyo, alifika kituoni bila hati, akaambiwa akailete. Akaenda, akarudi, akapiga. Ana gari. Kule Texas, Marekani, leseni ya kubeba bunduki inakubalika kituoni, kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu hakikubaliki. Sheria ya kuonyesha karatasi inaweza kuonekana sawa kwa wote, lakini mtunga orodha ya karatasi ndiye anayejua nani anazo.

Kabla ya Agosti 2027

Uchaguzi wetu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Tume ilikaa bila makamishna tangu mwanzoni mwa mwaka 2023 hadi Julai 2025, na uandikishaji wa kila siku ukarejea mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Kwa hivyo wapo vijana waliotimiza miaka 18 bila kuona meza ya kuandikishwa. Nawaambia kama nilivyowaambia darasani: msingoje wiki ya mwisho. Kama kadi yako iko tayari kwa msajili na hujaichukua, kaichukue. Kuna maelfu zimelala kwenye makasha. Angalia jina lako kwenye sajili, hata kama uliwahi kupiga kura. Ukihama, hamisha kituo mapema.

Na kitambulisho usikiweke rehani. Huku kwetu mtu anaacha kadi dukani kwa deni la unga na sukari, au kwa mwenye nyumba, kisha siku ya kura inamkuta hana. Wapo pia wanasiasa ambao, wakijua kijiji hakiwapendi, hutuma watu kukusanya kadi kwa shilingi mia chache hadi jioni. Hawanunui kura yako. Wananunua kutokuwepo kwako, ambako ni rahisi zaidi. Ukiitwa pembeni, jua unachouza.

Ukifika kituoni kabla ya saa kumi na moja jioni na ukawa kwenye foleni, una haki ya kupiga kura hata jua likizama. Ukiwa huoni au huwezi kuandika, una haki ya kuingia na mtu unayemwamini, naye ataapa kutunza siri. Kidole kikikataa, usiondoke. Sema: "Naomba mnitafute kwa namba."

Mpwa wangu alijiandikisha mwezi Oktoba 2025, wiki moja baada ya meza kufunguliwa. Alifunga genge la mahamri, akaenda, akarudi kabla ya saa tano. Alinionyesha kidole kana kwamba kilikuwa na pete.

Bi mkubwa wa makuti hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2020. Baada ya matanga, mwanawe alinijia, akaniomba nimsindikize kwa chifu kurudisha kitambulisho, maana hakutaka jina la mamake libaki kwenye daftari likitumiwa na watu asiowajua. Tulikaa kwenye benchi. Nikaiomba kadi niitazame. Upande wa picha, bi mkubwa alikuwa kijana kuliko nilivyowahi kumjua. Kando yake ilikuwapo alama ya gumba, nyeusi, kila mstari unahesabika. Walikuwa wameichukua zaidi ya miaka ishirini nyuma, kabla makuti hayajaumaliza mkono wake.